Kamati ya Kunifanya Daktari

Walisema sitamaliza hata baridi moja ya Toronto. Bwana Lyimo, katibu wa kamati, aliyasema hayo mbele yangu huku akimenya chungwa: kwamba kijana wa shule ya wazazi, aliyesoma kemia ubaoni bila kuona hata chupa moja ya tindikali, hawezi kukaa darasa moja na watoto walioanza kuingia maabara wakiwa bado na meno ya utoto. Mwingine alisema nitaishia kusugua masufuria ya hoteli. Mama mmoja wa kanisani aliniwekea mikono kichwani akamwambia Mungu, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba anajua uwezo wa mtoto huyu ni mdogo. Nawaandikia wote, walio hai na waliotangulia. Leo mtu akizidiwa popote kati ya Mbeya mjini na Tunduma, na ndugu zake wakapiga simu, gari la wagonjwa litakalofika ni langu. Diploma yangu iko ukutani ofisini, kwenye fremu ya mninga, na kila anayeingia huisoma kabla sijamwambia akae. Sikuipata kwa mjomba. Niliipata kwa ngumi, na sisemi hivyo kwa mapambo.

Nimeanza kuyakumbuka haya kwa sababu Kihwele, mwenyekiti wa kamati ile, amefariki. Dada Rehema alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Toronto, akilia na kunisimanga kwa pumzi moja, kama ilivyo kawaida yake: "Ambakisye, mwenyekiti wako katutoka. Ni moyo. Sasa jifanye huna nafasi." Nilikuwa na nafasi. Nilituma gari langu jipya Dar es Salaam likaupokee mwili uwanja wa ndege, likaupeleka Mafinga, nami nikafuata nyuma na suti nyeusi. Msibani, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na sahani ya wali na maharage mapajani, niliwasikia wanawake wawili nyuma ya turubai. Mmoja aliuliza nani kaleta gari zuri vile. Mwenzake akamjibu, "Yule mnene. Ndiye aliyemkata marehemu mkono kule Ulaya." "Na akathubutu kuja kumzika?" "Kaja na gari, si unaliona." Sikugeuka. Nilimaliza wali wangu. Habari ile ilikuwa kweli nusu, na nusu nyingine ndiyo naiandika hapa, kwa kuwa mwaka ule ndio ulionifanya mtu, na haukunifanya kwa kunibembeleza.

Niliishi Crescent Town, Toronto, kwenye kochi la sebuleni kwa Kihwele, ghorofani juu kabisa, mahali ambapo upepo wa Januari ulilipiga dirisha kama mtu anayedai kufunguliwa. Korido za jengo zilinuka vitunguu na samaki wa majirani zetu Wabangali, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ugomvi wa kila nyumba ulikuwa wa jengo zima. Nyumba yetu ilitoa mchango wake. Kihwele alikuwa mtu wa mikono. Friji ikigoma kufunga aliipiga teke. Simu ikikatika aliitupa ukutani, na ukuta ulikuwa na mabaka ya simu zilizotangulia. Mkewe, Mama Neema, hakuwa mwanamke wa kulia jikoni. Akirushiwa neno alirudisha kifuniko cha sufuria. Mimi nililala katikati ya uwanja wa vita na kitabu cha kemia kifuani, na binti yao Neema, aliyekuwa darasa la tatu, alipita kati yetu sote akiwa na bakuli la nafaka na maziwa, akiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza kwamba wakimaliza kupigana wamwambie, anataka kuangalia katuni. Na bado, ugali ukiiva, Kihwele alinikatia mimi kwanza. "Daktari ale," alisema. "Ubongo unakula kuliko misuli." Kwenye nyumba ile nyama ya kwanza ilikuwa yangu, na kofi la kwanza pia.

Mwisho wa wiki alinichukua kwenda naye kazini, kiwanda cha kuku huko Downsview, ambako yeye alikuwa msimamizi wa zamu. Kazi yangu ilikuwa kuwatundika. Kuku walikuja hai kwenye makreti, unamkamata miguu yote miwili, unamgeuza kichwa chini, unamkaza kwenye ndoano inayotembea, na kabla hajamaliza kupiga mabawa mwingine yuko mkononi. Walinichana mikono hadi viwikoni, wakaninyea usoni. Mbele kidogo kulikuwa na kisu cha mashine, na baada ya kisu sakafu ilikuwa nyekundu na ya moto, ukungu ukipanda kutoka kwenye damu kama chai. Siku moja watu wawili waligombana kwa sababu ya glavu kavu, mmoja akamvunja mwenzake taya kwa kreti tupu, na mstari haukusimama. Kihwele alimburuta aliyeumia pembeni kwa kola, akaingia yeye mwenyewe kwenye nafasi yake, akaendelea kutundika. Mimi nilikuwa nasoma kimoyomoyo jinsi atomu moja inavyoisukuma nyingine nje na kukaa mahali pake. Nilidhani ninaelewa.

Lazima nieleze kamati, maana asiye Mtanzania atashangaa. Kwetu mtu akitaka kuoa, watu huunda kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao, ahadi, na kufuatiliana hadi ahadi zilipwe. Kihwele aliona hakuna sababu njia hiyo itumike kwa harusi peke yake. Watanzania wa Toronto walikuwa na manesi, wahasibu, madereva, lakini daktari wa kwao hawakuwa naye, basi akaunda kamati ya kunifanya mimi daktari, kwa utaratibu uleule wa harusi. Lyimo, mhasibu wa ofisi fulani mjini, akawa katibu. Dada Rehema wa Tanga, nesi, akawa mweka hazina kwa sababu ni yeye peke yake aliyeogopwa na wadaiwa. Walinilipia ada ya chuo kikuu. Na tangu siku ya kikao cha kwanza, kabla sijanunua hata daftari, waliniita Daktari. Kanisani waliniletea watoto wenye mafua. Msikitini, siku ya futari tuliyoalikwa, mzee mmoja alinikunjulia suruali anionyeshe goti. Hakuna aliyeuliza kama shule za udaktari za pale zinachukua vijana wenye viza ya masomo. Harusi ilikuwa imeshatangazwa, na bibi harusi hajaulizwa.

Nikaanguka kemia ya kaboni, somo ambalo kila anayetaka udaktari lazima alivuke. Sikuanguka kidogo. Nilipata arobaini na moja. Niliwaambia mwenyewe, mezani, tukiwa tunakula ugali na mchicha, maana sijawahi kuwa mtu wa kuficha. Kihwele aliuliza, "Matokeo?" Nikasema, "Nimeanguka kemia." Aliendelea kutafuna. Akanawa mkono kwenye bakuli, akaufuta taratibu, kisha akanizaba kofi lililonitoa kitini. Jino likapasua mdomo kwa ndani. Mama Neema alisema, "Baba Neema, mtoto wa watu." Yeye akasema, "Mtoto wa watu ni wa watu. Watu wametoa hela." Akanivuta kwa shati akanirudisha kitini. "Utarudia," alisema. "Sasa kula."

Kurudia halikuwa jambo dogo, na hapo ndipo mwaka wangu ulipokaa kwenye mizani. Pale chuoni alama ya kwanza haifutwi. Ukirudia, zote mbili huandikwa, mbaya na nzuri, ili atakayekupokea aone umeanguka wapi. Nikiliacha somo, safari ya udaktari imekufa. Nikilirudia na kuanguka tena, imekufa mara mbili, na ada ya watu imezikwa nayo. Dada Rehema alinikuta kwenye korido ya kanisa nikiwa na mdomo uliovimba, akanivuta kando kwa sikio, kweli kwa sikio, nikiwa mtu mzima.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Nimegonga mlango."

"Mlango huo jina lake Kihwele, naufahamu. Sasa nisikilize, mwanangu. Usirudie. Wallahi usirudie. Mimi niko wodini kila siku. Hao wenye viza kama yako wanaochukuliwa udaktari sijawaona. Nimewaona waliokuwa madaktari makwao wanasukuma vitanda."

"Kamati itasema nini?"

"Kamati itasema inachotaka kusema. Kwani unataka nini?"

Swali hilo liliniuma kuliko kofi. Tangu nishuke kwenye ndege hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

Kikao kiliitishwa Jumamosi mchana, palepale sebuleni. Mama Neema alipika pilau na sambusa, kochi langu likasogezwa hadi kwenye mlango wa kioo wa roshani ili watu waenee. Lyimo alikuja na tai. Nilikaa kwenye stuli karibu na jikoni, mahali anapokaa mtu anayesubiri hukumu.

"Ajenda ya kwanza na ya pekee," Lyimo alisoma. "Hali ya Daktari."

"Daktari yupi?" Dada Rehema aliuliza. "Mimi nafanya kazi na madaktari, huyu sijamwona wodini."

Watu walicheka. Kihwele hakucheka. "Anarudia," alisema. "Hilo halijadiliwi. Tunajadili ada."

"Mwenyekiti," Lyimo akasema, "bwana harusi akikimbiwa na bibi harusi, kamati inachanga upya?"

"Bibi harusi hajakimbia. Ni kemia tu."

"Basi kemia imemkimbia."

Nikasimama. "Naomba nafasi, mwenyekiti."

"Kaa chini. Bwana harusi hana sauti kwenye kamati."

Hiyo ni kweli, ndiyo desturi, bwana harusi hukaa kimya wakati watu wanapanga ukubwa wa keki yake. Nilikaa. Walijadili kichwa changu kama watu wanaojadili bei ya kreti za soda. Mmoja alisema nibadilishiwe mwalimu. Mwingine alisema nifunge na kuomba. Lyimo aliweka kalamu mezani na kusema lile alilokuwa amelimeza tangu mwanzo. "Kihwele, tuseme ukweli. Umetuletea mchunga ng'ombe ukamwita daktari, ili na wewe, baada ya kushinda na kuku, uonekane una mtu."

Kihwele aliivuka meza. Hakuizunguka, aliivuka, sinia la pilau likaenda chini ya magoti yake. Akamkamata Lyimo kwa ile tai, akamsokota hadi uso ukawa wa zambarau, akampiga kichwa kimoja puani nikasikia mfupa. Watu walipiga kelele, viti vikaanguka, Mama Neema akamfungia Neema chumbani. Niliingia katikati kumtoa Lyimo, na Kihwele, bila kuangalia ni nani, alinipiga ngumi ya jicho. Kisha akaangalia akaona ni nani, akanipiga ya pili. Hiyo ya pili ndiyo iliyobadilisha maisha yangu. Nilimrudishia. Mwaka mzima wa kutundika kuku ulikuwa mabegani mwangu. Nilimpiga chini ya mbavu, akainama, nikampiga taya, na alipokuja tena nilimsukuma kwa mikono yote miwili na kifua. Alirudi nyuma, akajikwaa kwenye kochi, akaangukia mlango wa roshani, na kioo kikamwagika naye. Baridi ikaingia chumbani. Alipojaribu kuinuka mkono wake wa kulia ulikuwa wazi kutoka karibu na kiwiko hadi kifundo, na damu haikuchuruzika, iliruka.

Niseme wazi kwamba mle ndani walikuwamo wanaume wazima, na kila mmoja alirudi nyuma. Mimi nilikwenda mbele. Dada Rehema alivua mtandio wake akanitupia. "Bonyeza," alisema. "Kwa uzito wako wote. Usichungulie." Nilimlalia Kihwele mkono kwa magoti na viganja, juu ya vioo, damu yake ikipita kati ya vidole vyangu ikiwa moto, theluji ya roshani ikiingia chini yetu na kugeuka rangi. Alinitukana kwa Kihehe. Nilibonyeza. Alisema nitamvunja mkono. Nilimwambia, "Vunjika, lakini usife." Dada Rehema aliufunga mkono juu ya kiwiko kwa ile tai ya Lyimo, akikaza kwa mwiko wa Mama Neema.

Waliofika na gari la wagonjwa walikuwa wawili, mwanamume mrefu na mama mmoja mfupi mwenye mvi. Yule mama alipiga magoti kwenye damu bila kuitazama, akaweka mikono yake juu ya yangu, akanisukuma kidogo kando kama mtu anayepokea mtoto. Hakuna aliyempigia kelele. Chumba kizima cha watu waliokuwa wakiraruana kilinyamaza kwa sababu ya mwanamke asiyefika begani kwangu. Aliuliza nani aliyebonyeza, kisha akaniuliza mimi kama ni daktari.

"Ndiyo," alisema Lyimo kutoka pembeni, leso puani. "Ni daktari wetu."

"Mimi si daktari," nilisema. "Nimeanguka kemia."

Yule mama alinitazama. "Kemia haijamzuia kubaki hai," alisema, akaendelea na kazi yake.

Polisi nao walifika. Nilikuwa na viza ya masomo na damu ya mtu hadi shingoni. Neno moja tu la Kihwele lingenirudisha nyumbani mikono mitupu. Akiwa amelala kwenye machela, mweupe kama unga, aliwaambia ameteleza kwenye kapeti. Wakamuuliza Lyimo pua imekuwaje. Lyimo alimtazama Kihwele, akanitazama mimi, akasema na yeye aliteleza, kapeti hilohilo. Wakahoji kila mtu. Chumba kizima kilikuwa kimeteleza.

Nilimfuata hospitali. Walimshona muda mrefu, na vidole viwili havikupona vizuri tangu siku ile. Alipoamka alinikuta pembeni ya kitanda.

"Nimekuokoa," alisema. "Ungekuwa kwenye ndege saa hizi."

"Na mimi nimekuokoa."

"Baada ya kuniua. Sasa utarudia lile somo."

"Nitarudia," nilimwambia. "Kwa hela yangu. Nikilivuka nitafanya ninachotaka mimi, na kamati haitakuwa na ajenda."

Alijaribu kuinua mkono ule mzima anipige, mpira wa dripu ukamzuia. Nilimtazama hadi akauteremsha. Watu wengi wananiuliza kwa nini nilirudia somo ambalo sikulihitaji tena. Dada Rehema aliniita punguani, kwa sababu tayari nilikuwa nimeuliza chuo kinachofundisha kazi ya yule mama mfupi, na hawakutaka kemia ya kaboni. Lakini mimi si mtu wa kuondoka mlangoni nikiwa nimeangushwa. Ukiacha kitu kwa sababu kimekushinda, umefukuzwa. Ukikiacha ukiwa umekikalia kifuani, umeondoka. Nilihama Crescent Town, nikapanga chumba cha chini ya ardhi huko Malvern, nikahamia kiwanda kingine, nikalipa ada ya somo lile moja kwa mikono iliyochanwa. Niliipiga kemia kama linavyopigwa godoro lenye vumbi. Nilipata themanini na tatu. Siku hiyohiyo niliandika barua ya kuacha shahada, na msimu uliofuata nikaanza diploma ya uhudumu wa gari la wagonjwa, kazi ya yule mama mfupi. Lyimo alitangaza mji mzima kwamba nimeshindwa udaktari. Muulizeni leo nani alimpeleka mama yake hospitali ya rufaa alipoanguka akiwa safarini Mbeya.

Nilihitimu, nikavaa sare, nikafanya kazi barabara za Toronto miaka kadhaa. Nimewatoa watu kwenye magari yaliyokunjika, nimewatenganisha ndugu wenye visu, nimepigwa na wagonjwa niliokuwa nawaokoa. Kabla ya kurudi nyumbani moja kwa moja nilibakiza jambo. Kamati ya harusi huvunjwa kwa sherehe. Watu hula, mahesabu husomwa, mwenyekiti hutamka kwamba imevunjwa. Ya kwangu haikuwahi kuvunjwa. Nilikodi ukumbi mdogo Malvern, nikalipia pilau na mbuzi, nikawaita wote. Walidhani ni kuagana. Baada ya chakula nilisimama, nikampa kila mmoja bahasha yenye alichotoa.

Kwetu mchango haurudishwi. Kumrudishia mtu mchango wake ni kumwambia kwamba alikukopesha, hakukupa. Ni tusi, na nililijua nilipokuwa nikifunga zile bahasha. Mama aliyeniombea kanisani alilia kwa hasira. Lyimo alichungulia ndani. "Riba iko wapi?" aliuliza. Nikamwambia ameshaila, ilikuwa mbuzi. Dada Rehema alichukua ya kwake akaiweka ndani ya mkoba. "Nitanunua vitenge," alisema, "na kila nikivivaa nitawaambia watu Ambakisye amenitukana vizuri." Nilimwacha Kihwele awe wa mwisho. Alinirushia bahasha usoni. Niliiokota nikamrudishia, akairusha tena, safari hii ikafika kwenye sinia. Nikaipangusa wali. "Sikukukopesha," alisema akisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake. "Nilikulisha. Utarudisha na ugali?" Nilimkamata kola. Naye akanikamata. Tulikwenda ukutani, tukarudi mezani, watu wazima wenye vitambi, shati langu likichanika, na hakuna aliyeingilia kwa sababu Dada Rehema aliwaambia wamuache mtu alipe deni. Nilimbana mbavu kwa bega, nikaitia ile bahasha mfuko wa ndani wa koti lake, nikaushika mfuko kwa kiganja hadi akaacha kujitoa.

Alikaa. Kisha aligonga mbao kwa kijiko, kama mwenyekiti, watu wakanyamaza.

"Kamati imevunjwa," alisema. Akanigeukia. "Kuanzia leo nikikupiga nitakuwa nakuonea."

Nikamwambia ajaribu aone.